Oksimita ya kidoleni kwenye famasi za Amu: inasoma damu, haisomi pumzi

Kwenye kaunta za famasi za Amu, yaani mji wa Lamu, kando ya panadol na pampu za pumu, siku hizi kuna kijisanduku chenye picha ya kidole kilichobanwa. Jina lake ni oksimita, ingawa wateja wengi husema "ile mashine ya kidole". Swali la mnunuzi huwa lile lile: "Mwanangu, hii yapima pumzi?" Na jibu la haraka la kaunta ni, "Ee mama, yapima pumzi." Kasoro ya kwanza inaanzia hapo, kabla hata betri hazijatiwa. Haipimi pumzi. Inapima ni sehemu gani ya hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, imebeba oksijeni katika damu ya ateri, mishipa itoayo damu moyoni, basi. Kwa kazi hiyo moja na kwa bei yake ni kifaa kizuri, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu, wa mapafu au wa moyo haitajuta kukinunua. Lakini watu hukipa kazi nyingine zisizo zake, na huko kinaweza kukutuliza moyo huku hatari iko chumbani.

Ndani ya sanduku mna kibanio chenyewe, kamba ya kuvaa shingoni, karatasi ya maelezo yenye herufi za kuumiza macho, na mara nyingine betri mbili za AAA. Kitufe ni kimoja. Ukikibonyeza, taa nyekundu huwaka ndani na kioo huonyesha asilimia iliyoandikwa SpO2, yaani ile sehemu ya hemoglobini yenye oksijeni, na mapigo ya moyo kwa dakika. Zile nzuri kidogo zina pia mnara mdogo, au wimbi, unaopanda na kushuka kwa kila pigo. Huo ndio wa kuutazama kwanza. Wengi huuruka wakakimbilia namba, ilhali namba isiyo na wimbi linalocheza sawasawa ni ya kubahatisha. Bei huanzia elfu moja na kitu, ikafika elfu tatu hivi. Kioo cha rangi si cha kulipia zaidi. Wimbi ni la kulipia.

Ili namba ile iwe na maana, ifuate hewa kuanzia puani. Kiwambo, msuli mpana ulio chini ya mapafu, hujikaza na kushuka. Mbavu huinuka, kifua hupanuka, shinikizo ndani ya mapafu hupungua kidogo tu kuliko la nje, na hewa huingia yenyewe. Mapafu hayana msuli wa kuvutia hewa. Mtu mzima aliyetulia huingiza mililita 500 hivi kwa pumzi moja, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika hizo 500, kama 150 huishia puani, kooni na kwenye mabomba, mahali pasipobadilishana chochote na damu. Zinazofika kwenye vifuko vya hewa ni 350. Ndiyo sababu pumzi fupi za haraka huchosha bila faida. Anayevuta mililita 250 mara 24 kwa dakika anapitisha lita 6 sawa na anayevuta 500 mara 12, lakini vifukoni mwake zinafika lita 2.4 pekee, na kwa mwenzake lita 4.2. Mgonjwa anayehema juu juu anafanya kazi ya punda kwa malipo ya nusu, na oksimita haikuonyeshi hata kidogo ya kazi hiyo.

Vifuko vyenyewe ni mamia ya mamilioni, na vikitandazwa hufunika mita za mraba 70 hivi. Ukuta unaotenganisha hewa na damu una unene wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Pale hakuna pampu. Gesi huhama kutoka palipo na shinikizo kubwa lake kwenda palipo na dogo. Huku pwani, usawa wa bahari, oksijeni ndani ya kifuko ina shinikizo la milimita 100 hivi za zebaki, na damu inayorudi kutoka mwilini ina 40. Tofauti ni kubwa, oksijeni inaingia. Kaboni dayoksaidi hutoka kwa tofauti ya 5 tu, kutoka 45 hadi 40, na inatosha kwa sababu hupenya ukuta ule kwa wepesi wa mara 20 hivi kuliko oksijeni. Chembe nyekundu ya damu hupita kwenye kapilari, kile kimshipa chembamba cha pafu, kwa robo tatu ya sekunde, na kwa mtu mwenye afya huwa imeshajaa kabla ya theluthi ya safari hiyo. Muda uliobaki ni akiba. Nimonia inapojaza vifuko majimaji, au ukuta unapokuwa mnene kwa ugonjwa, akiba ndiyo inayoliwa kwanza, kimya kimya. Mgonjwa aliyekaa kitako anasoma 96. Mpandishe ngazi za nyumba ya ghorofa aende darini, anasoma 90.

Namba hizo haziteremki kwa mstari ulionyooka, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Shinikizo la oksijeni kwenye damu likianguka kutoka 100 hadi 60, oksimita hushuka kutoka 97 au 98 hadi 90 tu. Kutoka 60 hadi 40, ambako ni kuanguka kudogo zaidi, inashuka hadi 75. Yaani juu ni uwanda na chini ya 90 ni mteremko mkali. Mzazi aliyezoea kusoma ripoti za shule huona 90 akasema mtoto amefaulu vizuri. Kwenye oksimita 90 si alama ya juu. Ni ukingo wa gati.

Namna kifaa kinavyoijua namba hiyo ni jambo la kupendeza. Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 na nyingine ya infraredi ya nanomita 940 isiyoonekana kwa macho. Upande wa pili kuna jicho la kupokea. Hemoglobini tupu hunyonya sana nyekundu. Iliyobeba oksijeni huipitisha na kunyonya zaidi ile ya infraredi. Shida ni kwamba nyama, mfupa, ngozi na damu ya vena, mishipa irudishayo damu moyoni, pia hunyonya mwanga. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyepata ufunguo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akipima kazi ya moyo kwa rangi iliyodungwa kwenye damu, na mapigo ya ateri yakawa yanamharibia kipimo. Akaona kwamba kero hiyo ndiyo dawa: kinachopigapiga ni damu ya ateri peke yake, kwa hiyo toa kisichocheza, baki na kinachocheza. Bila pigo, basi, hakuna kipimo. Kumbuka hilo na nusu ya hitilafu za kifaa hiki utazieleza mwenyewe.

Mvuvi aliyetoka majini upepo wa kusi ukivuma, vidole vikiwa baridi na vimekunjamana, damu imekimbia ncha za vidole. Wimbi hulala na namba huchezacheza 84, 91, 87. Usipige kelele; mkaushe, msugue mikono mpaka ipate joto, ngoja dakika tano. Mgonjwa aliyeishiwa maji kwa kuharisha atatoa namba za ovyo vile vile, ila huyo tatizo lake ni damu isiyofika vidoleni, na joto la mikono halitalitatua.

Jua ni adui mwingine. Kwenye baraza lililoangaliwa na jua la saa nane, mwanga hupenya pembeni mwa kibanio na kulipofusha jicho. Funika mkono kwa leso au ingia ndani.

Sasa hina, maana karatasi iliyoandikwa nje ya nchi husema "ondoa rangi ya kucha" kama kwamba kila rangi huondoka kwa asetoni. Hina nyekundu ya kawaida kwa kiasi kikubwa haisumbui. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ndiyo yenye matata: ikikolea kuanzia kucha hadi kiungo cha kwanza, kama bibi harusi anavyopakwa, huweza kuzuia mwanga kiasi kwamba kifaa hakisomi kabisa au kinasoma chini. Tafuta kidole ambacho hakikuzama kwenye rangi. Kama vyote vimepakwa, geuza kibanio kimulike ubavu hadi ubavu wa kidole, kisipite kwenye kucha, au jaribu kidole cha mguu ikiwa nacho kimesalimika. Mjamzito anayekaribia kujifungua akipaka piko, aache angalau kidole kimoja kitupu. Wakunga na wauguzi watamshukuru.

La ngozi ni zito kuliko la hina, na halimo kwenye sanduku lolote. Vifaa hivi hupendelea kusoma juu kwa mtu mweusi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha oksimita na damu iliyotolewa kwenye ateri. Kwa wagonjwa waliosomeka kati ya 92 na 96, karibu 12 katika kila 100 weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe walikuwa karibu 4. Juu ya hilo, ule usahihi wa "jumlisha au toa 2" unaoandikwa kwenye sanduku ni wa wastani wa maabara, na kipimo kimoja kikiwa mbali kwa 4 si ajabu. Kwa hiyo 93 ya mtu wa Amu mwenye homa na kikohozi usiichukue kama 93 ya kitabuni. Inayoaminika zaidi ni mwelekeo: kifaa kilekile, kidole kilekile, asubuhi na jioni. Aliyekuwa 98 juzi, 96 jana na 94 leo amekwambia jambo la kweli hata kama kila namba ina kosa lake.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mgonjwa akae atulie dakika tano, mkono umeegeshwa kwenye mto usawa wa kifua. Kidole cha kati au cha shahada, kiingie mpaka ncha iguse mwisho wa kibanio, kucha juu. Asizungumze, asitikisike. Namba za sekunde kumi za mwanzo zitupe. Ngoja hadi dakika moja, na uandike ile iliyokaa bila kubadilika kwa sekunde tano wimbi likiwa sawa. Kisha uweke kifaa chini, utazame kifua na uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Hapo ndipo unapopima pumzi, na haikugharimu shilingi. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Pumzi hazina mpangilio wa mapigo ya moyo.

Jambo tunalolilaumu zaidi katika jinsi kifaa kinavyouzwa ni ukimya kuhusu vile kisivyoviona. Anza na upungufu wa damu, ambao pwani yetu ya malaria na seli mundu inaujua. Asilimia inaeleza mzigo ulivyojaa kwenye mashua, haielezi mashua ni ngapi. Gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye hemoglobini gramu 14 katika kila mililita 100 za damu na namba 98 ana mililita 18 hivi za oksijeni katika kila mililita 100 za damu. Mwenye 6 na namba ileile 98 ana karibu 8. Kifaa kinawapa wote wawili cheti kimoja. Mtoto mweupe viganjani, mwenye kuhema na moyo unaokimbia, apelekwe hospitali hata oksimita ikisema 100.

Baya kuliko hilo ni jiko. Mvua za masika zikibana, jiko la makaa huingizwa chumbani, dirisha likafungwa. Makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hemoglobini huishika mara 200 na zaidi kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa ile taa nyekundu, hemoglobini iliyoshikwa na sumu hii inafanana na iliyobeba oksijeni. Oksimita ya kidoleni itasoma 98 kwa mtu anayekufa. Kichwa kikiwauma watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, kizunguzungu na kichefuchefu juu yake, watoe nje kwanza, uwapeleke wakapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni tupu ni saa moja hadi moja na nusu. Kibanio kiache mfukoni.

Cha tatu ni kaboni dayoksaidi. Hamu ya kuvuta pumzi hailetwi hasa na uchache wa oksijeni. Huletwa na kupanda kwa gesi hii, ambayo ubongo huipima dakika kwa dakika. Wapiga mbizi wa kamba mawe wa Kizingitini na Faza wanaijua ile mbinu ya kuhema haraka haraka kabla ya kuzama ili wadumu chini. Mvae mmoja oksimita akiwa bado kwenye mashua: ahema mara thelathini, namba inatoka 98 inafika 99. Oksijeni aliyoongeza ni chembe tu, kwa kuwa damu ilikuwa imeshajaa. Alichofanya ni kuimwaga kaboni dayoksaidi, yaani kuzima kengele. Chini ya maji oksijeni inakwisha kengele haijalia, na anazimia bila onyo. Kifaa kilichosema 99 hakikudanganya. Kiliulizwa swali lisilo lake. Hata mtu akibana pumzi nchi kavu, namba hukaa nusu dakika na zaidi kabla ya kuteremka, na ikianza kuteremka inaonyesha damu iliyotoka mapafuni sekunde 20 hadi 30 nyuma. Mgonjwa aliyewekewa mtungi wa oksijeni naye anaweza kusoma 98 huku kaboni dayoksaidi ikimlaza usingizi. Huyo mtazame macho na umwite jina.

Kwa pumu, elewa kwamba namba ndiyo hushuka mwisho. Shingo inayovutika, mbavu zinazobonyea, mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hayo hutangulia. Akisha kusoma chini ya 92, shambulio ni la hatari tayari.

Watoto wachanga wasipimwe kwa kibanio hiki. Kidole chao ni chembamba, mwanga hupita pembeni na kurudi bila kugusa damu, na namba inayotoka haina maana. Kuna vibanio vya watoto na vya kufunga mguuni, na bei yake si hii. Kwa mtoto, kuhesabu pumzi kuna nguvu zaidi: chini ya miezi miwili, 60 au zaidi kwa dakika, miezi miwili hadi mwaka, 50 au zaidi, mwaka hadi miaka mitano, 40 au zaidi. Akiwa na kikohozi na hesabu hiyo, safari ianze.

Mipaka ya mtu mzima ni hii: 95 na zaidi ni kawaida huku usawa wa bahari, 93 au 94 inayorudi baada ya kupima tena, tafuta daktari siku hiyo, 92 kushuka chini, hospitali sasa. Wazee wenye mapafu yaliyochakazwa na tumbaku au moshi wa miaka huweza kuwa na kawaida yao ya 88 hadi 92, na daktari wao ndiye wa kuitaja. Lakini mipaka hiyo imeandikwa kwa watu walio na barabara na gari mlangoni. Aliyeko Siyu, kisiwani Pate, hungoja maji yajae ndipo mashua itoke, kisha kuna saa za bahari. Kwake 94 inayoteremka jioni ni ya kuondoka na maji ya usiku huo, asingoje 92 ya alfajiri maji yakiwa yametoka.

Kabla ya kulipa, fungua sanduku palepale kaunta. Tia betri, kivae, na uhesabu mapigo yako kwenye kifundo cha mkono dakika nzima ukilinganisha na kioo. Hiyo ndiyo namba pekee unayoweza kuithibitisha dukani. Ikipishana kwa zaidi ya mapigo matatu manne wimbi likiwa sawa, rudisha. Kibane kwenye penseli pia, na kikitoa asilimia na mapigo ya penseli, rudisha haraka zaidi. Nyumbani, hewa ya chumvi hula chemchemi za betri kuliko inavyokula kitu kingine ndani ya kifaa hiki, kwa hiyo betri zikae nje, zifungwe pamoja nacho kwenye mfuko wa plastiki unaobana. Ukiona unga wa kijani kwenye chemchemi, kwangua kwa kifutio cha penseli. Kioo cha ndani kipanguse kwa pamba yenye spiriti kidogo baada ya kila mgonjwa. Jasho na mafuta ya nazi yakigandia pale, namba huanza kushuka na mtu mzima wa afya akajikuta anakimbizwa hospitali kwa uchafu wa kibanio.